Mashine ya kuranda haitakuongezea mlango hata mmoja

Swali: Asalaam alaykum. Nina karakana ya milango ya nakshi na fenicha hapa Lamu, Langoni. Tuko mafundi saba: wawili wanakata na kuranda mbao, watatu wanaunga, mzee mmoja ndo anachonga nakshi, na mmoja anapiga msasa na mafuta. Mlango wa kawaida unamchukua mzee kama siku sita. Saa hii nina oda 24 na kwa mwezi tunatoa milango minne hivi. Wateja nawaambia miezi miwili lakini hakuna anayepata kwa wakati, simu haziishi. Karakana imejaa mbao mpaka pa kupita hakuna. Nataka kukopa laki nne ninunue mashine kubwa ya kuranda ili kazi iende mbio, na kijana mmoja wa kuranda nimuachishe nipunguze mshahara, mwenyewe muda mwingi namkuta na vipande vya mbao anachorachora maua. Nishauri mtaalamu.

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Huo mkopo usiusaini kwanza. Jibu umeliandika mwenyewe humo humo kwenye swali, umesema mzee anakaa na mlango siku sita na kwa mwezi mnatoa minne. Sita mara nne ni 24, toa Ijumaa, toa siku moja ya harusi na moja ya maziko, mwezi umekwisha. Yaani watu saba mnatoa kile mkono wa mzee mmoja unaweza kutoa, hamzidishi hata robo. Ukileta mashine, mbao zitarandwa kwa nusu ya muda alafu zitaenda kupanga foleni kwa mzee huyo huyo na siku zake sita zile zile. Foleni itakuwa ndefu kuliko sasa, deni la benki litakuwa juu yake, na milango itabaki minne.

Hizo mbao zilizojaa mpaka hapapitiki nazo zinasema hivyo hivyo. Kazi hurundikana kabla ya pale inapokwama, na baada ya hapo watu wanakaa bure. Kesho asubuhi hebu mtazame huyo wa msasa na mafuta bila kumwambia kitu. Kama ninavyodhani, utamkuta anasubiri, akiletewa mlango anaukamata anaumaliza alafu anarudi kukaa. Ukiona hivyo basi huna haja ya kumlipa mtu kama mimi aje na kalamu na daftari.

Hii fikra aliyeivumisha sana ni Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, miaka ya 1980. Alikuwa akisema kazi yoyote yenye hatua zinazofuatana ina sehemu moja inayoamua mwendo wa zote, saa moja ikipotea hapo imepotea kwa karakana nzima, na saa moja ukiiokoa kwengine hujaokoa kitu. Hilo la mwisho ndo wenye biashara hulikataa, na nawaelewa, manake umezoea kuona kila mtu anatoka jasho ndo unahisi mshahara unaolipa haupotei bure.

Sasa hao wateja wa miezi miwili. Mwaka 1961 John Little, aliyekuja kuwa profesa wa chuo cha MIT kule Marekani, alithibitisha kanuni rahisi mpaka unaweza kuifanya kwa chaki ukutani: chukua kazi zote zilizo mkononi, gawanya kwa zinazotoka kila mwezi, jibu ndo miezi ambayo kazi moja inakaa kwako kwa wastani. 24 kwa 4 ni sita. Anayekupa dipoziti leo mlango wake ni wa miezi sita, na wewe unamwambia miwili. Mafundi wako si wavivu wala hujarogwa, umeahidi kitu ambacho hesabu haikuruhusu kukiahidi. Na ukiangalia hiyo hesabu utaona kuna njia mbili tu za kufupisha huo muda, ama upunguze kazi zilizo ndani ama uongeze zinazotoka, na zinazotoka zinapitia kwa mzee.

Kwa hivyo twende kwa mzee.

Hapa nitakawia kidogo manake ndo penye pesa. Kaa naye siku tatu nne ukiangalia saa zake zinaenda wapi, lakini kwa adabu. Mtu aliyeshika patasi tangu kabla wewe hujazaliwa huwezi kumsimamia na saa mkononi kama unampima mbio, ataweka patasi chini na atakuwa na haki. Mkalie pembeni na kahawa, muulize, "mzee wangu, kitu gani kinakutoa kwenye mlango?" Atakwambia mwenyewe. Mara nyingi utasikia vitu kama hivi: ananoa patasi zake mwenyewe, anasubiri wale wa kuunga wamletee fremu, anasaidia kuibeba, wateja wanakuja kumuuliza maua ya aina gani yanafaa na soga inanoga mpaka adhuhuri, boti ikileta mbao anaitwa forodhani akachague, kipande kinaletwa kimepinda anakirudisha, jioni anapiga msasa nakshi zake manake hamuamini mwengine. Hakuna hata moja hapo ambalo ni kuchonga.

Tuseme yote hayo kwa jumla yanamla saa mbili kwa siku. Siku 24 mara saa mbili ni saa 48, yaani siku sita za saa nane. Si ndo mlango mmoja huo! Mlango wa tano wa mwezi umekaa humo humo ndani ya karakana yako, umejificha kwenye kunoa patasi na kupiga soga. Sasa pesa yake, tarakimu hizi ni za mfano tu we utaweka zako: mlango unauza 95,000, mbao na vyuma vinakula 35,000, inabaki 60,000. Mishahara na kodi unalipa vile vile mkitoa minne au mitano, kwa hivyo hiyo 60,000 karibu yote ni yako, kila mwezi, na hujakopa hata senti. Mashine ya laki nne ingekupa nini hapo? Sifuri, na marejesho ya benki kila mwisho wa mwezi.

Basi fanya hivi, mpe mzee msaidizi mmoja, kazi yake ni kuhakikisha patasi zimenolewa usiku ule ule, fremu ya pili iko tayari kabla ya kwanza haijaisha, chai imekuja, na mzee hanyanyuki isipokuwa kwa swala na kula. Soga za wateja zichukue wewe. Piga picha za nakshi zote alizowahi kuchonga, ziweke kwenye simu au daftari, mteja achague kwako na akishaweka sahihi habadilishi, manake mteja anayekuja katikati ya kazi kusema anataka waridi badala ya mnyororo anakula siku za mzee na halipi.

Jambo jengine watu hulisahau ni ukaguzi. Mbao ikaguliwe KABLA haijafika kwa mzee, si baada. Mvule, mbambakofi, msaji, hata iwe nini, kama ni mbichi ama ina ufa wa nywele ama fundo limekaa vibaya, mzee ataichonga siku nne alafu ipasuke katikati ya waridi. Ikipasuka kwa wa kuranda umepoteza ubao. Ikipasuka baada ya mzee umepoteza ubao pamoja na siku nne za mtu pekee anayeamua mtatoa milango mingapi, na hizo siku hakuna duka linaziuza. Kwa hivyo aliye na jicho kali kati ya wale watatu wa kuunga, mpe kazi ya kuwa mlinzi wa mlango wa mzee, kila kipande kinapita kwake, miimo, kizingiti cha juu, mfaa, vyote, chenye shaka kinarudi.

Alafu acheni kuranda. Ndio, acheni. Umeshasema karakana haipitiki, sasa kwa nini wale wawili bado wanaingiza mbao? Najua kwa nini, pengine unawalipa kwa kipande, na mtu anayelipwa kwa kipande ataranda mpaka paa litoboke, si kosa lake ni kosa la malipo. Kanuni yangu ni hii: mbele ya mzee kuwe na kazi mbili au tatu zilizo tayari kabisa, basi. Akimaliza mmoja ndo ruhusa ya kuanza kukata mmoja mpya. Zile tatu ni akiba, ili hata msumeno ukiharibika ama fundi akiugua mzee asikose cha kuchonga siku mbili tatu, na ile ruhusa ndo inazuia wa mwanzo wasikimbie mbele yake. Na kwa hewa yetu hii ya pwani mbao iliyorandwa ikalazwa miezi minne pembeni haiko salama, inapinda, mchwa anaijua njia, na pesa iliyolala humo ni dipoziti ya mteja ambayo umeshaitumia kununua mbao ya mteja mwengine, ndo mana kila mwezi unahisi umefilisika na hali una oda 24.

Utaniuliza, sasa hao wa kuranda watakaa bure? Wengine ndio, baadhi ya siku, na lazima ukubali kulitazama hilo bila kupandwa na presha. Badili malipo yao yawe ya siku, na kila mlango ukitoka ukalipwa wote mgawane kidogo, uone kama hawataanza wenyewe kumtunza mzee kama yai. Alafu wape kazi isiyomgusa mzee kabisa. Kitanda cha kawaida kisicho na nakshi, meza, viti vya hoteli za Shela, hivyo vinapita pembeni ya foleni. Kitanda kikikuachia 12,000 baada ya mbao, hiyo 12,000 haijala hata dakika moja ya mzee.

Na hapo tunaingia kwenye kitu ambacho kinawashangaza wengi, bei ya kazi zako za nakshi. We unapanga kazi kwa faida ya kila kimoja, mlango unaacha 60,000, kasha linaacha 38,000, fremu ya kioo inaacha 7,000, kwa hivyo fremu unaidharau. Sasa gawanya kwa siku za mzee. Mlango siku sita, ni 10,000 kwa siku. Kasha siku tano, ni 7,600. Fremu anaimaliza nusu siku, kwa hivyo ni 14,000 kwa siku! Ile ndogo uliyoidharau ndo inalipa muda wa mzee kuliko zote, na kasha ambalo pengine unajisifu nalo ndo la mwisho. Sikwambii uache milango ugeuke muuza fremu, soko la fremu ni la msimu, Disemba mpaka Machi watalii wapo na mwezi wa tano mji mtupu, na jina lako limejengwa kwa milango. Nakwambia kasha bei yake ni ndogo mno, ipandishe, asiyetaka aende, akienda amekuachia siku tano za mzee bure. Tarakimu nakumbusha ni za mfano, lakini hesabu yenyewe ifanye na zako leo leo usiku.

Kuhusu nani atangulie kwenye foleni. Kwa sasa nadhani anayetangulia ni anayepiga simu sana, si ndio? Mzee yuko katikati ya mlango wa fulani, unakuja unamwambia auweke achukue wa mwenye hoteli manake anafoka. Kila ukifanya hivyo unakuwa na milango miwili ya nusu na hakuna hata mmoja wa kuuza. Andika foleni ubaoni kwa chaki, kila mtu aione, mteja akija muoneshe yuko namba ngapi. Watu wa Lamu wanaheshimu zamu wakiiona kwa macho, wanachokasirika nacho ni kuhisi wanazungushwa.

Hizo oda 24 ulizo nazo sasa piga simu moja moja useme kweli. Wengine watakuwa na hasira, mmoja wawili watataka pesa yao, wape ukiweza. Wengine utakuta nyumba yenyewe haijafika dirishani, walikuwa wanakusumbua tu ili wasisahauliwe, hao siku yao iahirishe kwa furaha. Na usijaze kalenda ya mzee mia kwa mia. Kwenye hesabu za foleni, fundi mmoja na kazi zinazoingia bila mpangilio na za ukubwa tofauti, akiwa ameshughulika nusu ya muda wake kazi mpya inasubiri kwa wastani muda wa kazi moja. Akifika asilimia 80 inasubiri kazi nne. Asilimia 90, tisa. Asilimia 95, kumi na tisa. Inapanda polepole alafu ghafla inakuwa ukuta, na mfungo wa Ramadhani ama homa ya siku nne vinakusukuma huko bila wewe kujua. Ukipokea oda mpya ahidi kana kwamba mzee ana siku 20 kwa mwezi, hizo nyengine nne ziache zimeze dharura.

Tuseme umefanya yote haya na mmefika milango mitano, hata sita. Hapo pa kukwama patahama, na ukiendelea kumlinda mzee wakati shida ishahamia kwengine utakuwa unapoteza muda. Ninavyoona patahamia kwa wa msasa na mafuta, hasa masika, mwezi wa tano mvua na unyevu mafuta hayakauki na vanishi inafanya mawingu. Ama itahamia nje kabisa ya karakana. Mbao zako zinashuka kwa lori mpaka Mokowe alafu boti, kusi ikipamba moto mwezi wa saba boti ndogo zinasita, kwa hivyo akiba ya mbao inunuliwe kabla bahari haijachafuka. Wakumbuka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, mbao zikaadimika bei ikapanda, karakana nyingi wakati ule shida yao haikuwa mchongaji tena, mchongaji alikuwa anakaa. Na kuna milango mingine imeisha, imesimama ukutani inasubiri mteja amalizie pesa ama inasubiri bawaba na misumari ya shaba ambayo hakuna aliyeikumbuka mapema. Huo kwako unauhesabu umetoka? Haujatoka mpaka umelipwa. Bawaba na misumari iagizwe siku ile ile mbao inapokatwa.

Kuna watu watakushauri mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, kwa kuwa mzee ndo kikwazo basi nunua mzee wa chuma. Mimi sikushauri, kwa Lamu angalau. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, wenye kukarabati nyumba humo na wenye majumba ya Shela wanakulipa 95,000 kwa sababu ni mkono wa mtu, nakshi ya mashine wanaipata Nairobi kwa bei ya chini kuliko utakayoweza wewe. Ukiingia huko umeondoa kikwazo na umeondoa na soko.

Kinachobaki ni kuongeza mkono wa pili wa kuchonga, na hapo nimeshangaa unataka kumfukuza yule kijana. Mtu anayechorachora maua kwenye vipande vya mbao wakati hana kazi, na wewe unalia huna mchongaji! Usimuachishe. Huyo ndo msaidizi wa mzee niliyemtaja juu, aanze na kunoa patasi, kisha kuhamisha mchoro kwenye ubao, kisha kutoa ile sehemu ya chini inayozunguka maua ambayo inakula saa nyingi na haihitaji mkono wa ustadi, mzee abaki na maua yenyewe na mistari ya mwisho. Mtake mzee ruhusa mbele ya kijana, umwambie unataka amrithishe mtu kazi, na kwa kila mlango ambao kijana ameshika mkono mzee apate nyongeza, asije akaona unamtafutia wa kumtoa. Kuwa mchongaji kamili itamchukua miaka, lakini akimpunguzia mzee siku moja tu kwa mlango, sita ikawa tano, siku 24 zinatoa milango karibu mitano, na hiyo ni kabla hujahesabu zile saa mbili. Laki nne ya mashine iache benki. Ukihitaji pesa kweli kweli itakuwa ya seti ya pili ya patasi na mshahara wa mtu wa kushika randa ya kijana, na hiyo hata dipoziti moja inatosha.